Ruhusa ya Shingo

Shingo ya mume wangu Onesphory ilikuwa inalia. Akigeuka kumwita mtoto inalia, akiinama kunawa inalia, na akikaa bure, jambo alilolifanya kuliko mengine yote, aliigeuza makusudi kulia na kushoto mpaka itoe mlio, kisha ananitazama kuona kama nimesikia. Nilikuwa nasikia. Nyumba yetu ya kijiji cha Ujamaa ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, miti na udongo, na humo ndani huwezi kukosa kuisikia shingo ya mwanamume anayetafuta kuonewa huruma.

Tuliteremshwa kutoka milimani mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya vijiji, tukawekwa huku bondeni upande wa Tindiga, kwenye mistari ya nyumba iliyonyooshwa kwa kamba. Kule milimani Onesphory alikuwa mvivu wa kawaida tu. Kila ukoo una wake, na shamba la mlimani halina shahidi. Lakini huku chini kulikuwa na shamba la kijiji, kipande cha reli kilichogongwa kila asubuhi kuwaita watu kazini, na mwenyekiti aliyepita mlango kwa mlango. Uvivu wake ukakosa pa kujificha. Hapo ndipo shingo ilipoanza kumsumbua.

Mwanzoni alisema kichwani mna kitu kinapasuka. Baadaye akasema kuna mtu wa milimani amemfanyia jambo. Nilimuuliza ni mtu gani huyo mwenye muda wa kumroga mwanamume ambaye hata jogoo wake mwenyewe hamwogopi, akaninunia mpaka tulipopata lifti ya lori la pamba kwenda hospitali Kilosa. Nilikwenda naye kwa sababu peke yake angeishia kilabuni.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mikono ya shati ameikunja. Alimshika Onesphory kichwa kwa upole, akakigeuza polepole, akasikiliza, akambonyeza mabega, akampa vidole vyake avibane kwa nguvu, akamgonga goti kwa kinyundo cha mpira. Onesphory alifurahia kila kitu. Hakuwahi kushughulikiwa hivyo tangu kipaimara.

“Unasikia maumivu?” daktari aliuliza.

“Sauti, daktari. Nasikia sauti.”

“Ganzi mikononi? Vitu vinakuponyoka? Miguu inakuwa mizito?”

“Hapana. Sauti tu.”

Daktari akatueleza vizuri, bila haraka, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, masikio yangu mawili yakiwa mazima. Alisema ndani ya kiungo mna majimaji, na ndani ya majimaji mna hewa. Kiungo kikivutika, hewa ile hufanya kipovu, na mlio ndio huo. Ni kama mtu anapoalisha vidole. Wakati mwingine ni mshipa unaoruka juu ya mfupa na kurudi mahali pake, na umri ukienda viungo hukwaruzana kidogo kama bawaba isiyo na mafuta. Ule wa kichwani, alisema, mara nyingi ni kiungo cha taya, au masikio yanafunguka ukimeza mate. Mtu anausikia mkubwa kwa kuwa shingo na sikio ni majirani.

“Kwa hiyo nina hewa,” alisema Onesphory.

“Kila mtu anayo. Rudi ukalime.”

Kisha akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa ninasikiliza. “Mama, shingo inayolia bila maumivu iacheni ilie. Ninayoiogopa mimi ni ile yenye maumivu yanayoshuka mkononi, vidole vinakufa ganzi, mtu anadondosha vikombe, miguu inalegea. Hiyo hata iwe kimya kabisa, mleteni haraka. Na asiruhusiwe mtu yeyote kuishika na kuipinda.”

Nilimshukuru. Njiani kurudi Onesphory alikaa kimya, nami kwa ujinga wangu nikadhani ameona aibu. Kumbe alikuwa anachagua maneno ya kupeleka na ya kuacha.

Mwenyekiti wetu aliitwa Mwinshehe, mwenyeji wa bondeni, mtu mwenye sauti kubwa. Ni kwa sauti hiyo alichaguliwa, maana sikumbuki sifa yake nyingine. Kitu kimoja kilimnyima raha: kwamba siku moja mtu atafia kwenye shamba la kijiji na yeye aitwe wilayani kujieleza. Onesphory alimkuta ofisini, akavua kofia, akasema kwa unyonge, “Ndugu Mwenyekiti, daktari amegundua nina hewa kwenye viungo vya shingo.”

Akaishia hapo. Hakusema uongo hata neno moja, na huo ndio ujanja pekee niliowahi kumwona nao.

“Hewa,” alisema Mwinshehe. “Sasa ikipanda kichwani?”

Onesphory akashusha macho. Akageuza shingo kidogo, ikalia. Mwinshehe akarudi nyuma na kiti chake, na kuanzia siku hiyo mume wangu akapewa ruhusa ya kutofanya kazi za pamoja, awe anakaa karibu na ofisi asije akazidiwa peke yake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kesho yake. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikamwambia yote aliyoyasema daktari, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza akiwa anachokonoa meno. Akasema, “Mama Costancia, mke anayemkania mumewe ugonjwa, huyo naye ana lake.” Nikaondoka. Nilikuwa na kazi ya kufanya, tena ya watu wawili.

Kabla mahindi hayajabeba, shingo za wanaume zilikuwa zinalia kila mstari wa nyumba. Sijapata kuona ugonjwa unaochagua namna ile. Haukumshika mwanamke, haukumshika mtoto, haukushika mtu siku ya mnada. Ulishika wanaume wazima wenye afya zao, na uliwashika asubuhi reli ikigongwa. Mwinshehe, badala ya kucheka, akaunda kamati. Mgonjwa alikuja ofisini, akakaa kwenye kigoda uani mbele ya watu, akageuza kichwa, na mwenyekiti akainama na kutega sikio kwenye shingo yake kama anayesikiliza kama nazi ina maji. Ikilia, ruhusa. Isipolia, jembe.

Basi wakaanza kufanya mazoezi. Uliwakuta barazani kwa Melkizedek mchana kutwa, wamezunguka bao, wanapinda vichwa na kushindana nani ana mlio mkubwa. Melkizedek mwenyewe shingo yake ilikuwa bubu, kwa hiyo alificha punje ya mahindi ya kukaanga shavuni, na mwenyekiti alipotega sikio akaivunja kwa jino. Mwinshehe alisema hajasikia ugonjwa mzito kama ule. Melkizedek akapewa ruhusa mpaka mavuno, naye akatafuna ushahidi akaumeza.

Mume wangu ndiye alikuwa bwana mkubwa wao. Shingo ya kwanza ilikuwa yake. Waliokuwa na shida ya kutoa mlio walimjia, naye aliwashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akawapinda ghafla mpaka ikaalika, nao wakampa tumbaku. Mtu aliyekimbia kazi ya kukata mkonge kule Kimamba eti miiba inamchoma, leo anaitwa fundi. Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nampikia ugali huku ninamdharau.

Kazi iliyokuwapo wakati huo ilikuwa ghala la kijiji. Wanaume walikuwa wagonjwa, kwa hiyo mchanga wa msingi tulibeba sisi, kutoka mtoni, debe kichwani juu ya kata. Shingo zetu nazo zilitoa milio, tena mingi. Ila juu yake kulikuwa na debe la mchanga mbichi, na hakuna mwanakamati aliyekuwa na haja ya kuweka sikio pale.

Aliyekuwa anatembea mbele yangu kwenye mstari ni Siwema, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa binti mdogo kwangu, mwenye mtoto mchanga aliyeitwa Yohana. Mumewe, Danieli, alikuwa kibarua wa barabara kule Mikumi, ndani ya mbuga, na alikuja nyumbani akipewa nafasi. Kutoka nyuma nilianza kuona mambo. Siwema alikuwa anaburuta mguu. Alikuwa anashusha debe, halafu anautikisa mkono kama mtu aliyeulalia.

Siku moja alikuja kwangu na mtoto, uso umemshuka.

“Dada, vidole sivisikii,” alisema. “Uji umeniponyoka, nikasema bahati mbaya. Leo ni mtoto. Nimemdaka kwa magoti, kidogo aingie motoni.”

“Shingo inakuuma?”

“Inauma. Maumivu yanashuka hapa begani mpaka kiganjani, kama nimeshika waya wa umeme.”

Maneno ya daktari yalinirudia moja baada ya jingine. Nikamwambia hilo si la kungoja, twende Kilosa. Lakini kutoka kijijini siku za kazi kulitaka kibali cha mwenyekiti, na mwenyekiti kwa habari za shingo alikuwa na njia moja tu. Siwema akakaa kwenye kigoda.

Aligeuza kichwa kulia, akakunja uso kwa maumivu. Aligeuza kushoto, machozi yakamtoka. Mwinshehe aliinama, akasikiliza upande huu, akahamia upande ule, akanyoosha mgongo.

“Kimya,” alitangaza. “Shingo nzima kabisa.”

Wale wa barazani walitikisa vichwa kwa masikitiko, vichwa vyao vikilia.

Nikasimama katikati ya watu. Nilisema, “Ndugu Mwenyekiti, nilikuwapo. Daktari alisema inayolia haina neno, yenye maumivu na ganzi ndiyo mbaya, hata ikiwa kimya. Huyu binti mikono yake inakufa, na hawa mnaowapa ruhusa ni wazima.”

Mume wangu alijibu akiwa amekaa. “Mama Costancia, daktari aliongea na mgonjwa. Wewe ulikuwa mlangoni.”

Wakacheka. Mwinshehe naye akacheka, kisha akasema kama kila mwanamke mwenye mkono wa ganzi ataachwa, ghala litajengwa na nani. Hilo lilikuwa neno pekee la kweli alilolisema mwaka ule, na hakujua kwamba amelisema.

Kuanzia hapo nilikuwa nampunguzia Siwema mchanga kwa kuujaza kwenye debe langu, na wenzetu nao wakafanya vivyo hivyo, lakini debe tupu nalo lina uzito, na kushuka mtoni kuna mteremko. Nilimtumia Danieli salamu kwa dereva wa lori linalopita Mikumi. Sikupata jibu. Mtoto Yohana nilimbeba mimi mchana, kwa kuwa mama yake alikuwa anaogopa kumshika.

Halafu Siwema akaja nyumbani kwetu jioni, jua bado halijazama. Hakuja kwangu. Alimpigia Onesphory magoti, akasema, “Shikamoo baba. Watu wanasema una mkono. Nakuomba unisaidie ilie.”

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. “Siwema, amka hapo,” nilisema. “Daktari amekataza. Shingo yenye maumivu isipindwe.”

“Dada, nitamwangusha mtoto,” alisema bila kunitazama. “Ilie mara moja tu, wanipe ruhusa niende Kilosa. Mara moja tu.”

Ningeweza kumpiga Onesphory kwa mwiko, na leo nasema ingekuwa halali. Alijikuna kidevu kama mtu aliyeombwa kutoa ng'ombe. Akasema hapendi kumwona mwanakijiji akiteseka. Ila hakutaka kufanya kazi hiyo nyumbani ambako hakuna wa kumwona. Akasema iwe asubuhi, ofisini, mbele ya kamati, ili wasije wakasema ni ya kufoji.

Asubuhi niliwahi kufika. Nilimweleza Mwinshehe kwa mara ya tatu, taratibu, kama unavyomweleza mlevi njia ya kwao. Alisema kamati haizuii mtu kujitafutia haki yake. Siwema akakaa kwenye kigoda, akampa Teresia, mwenzetu wa mstari wa nyuma, mtoto amshikie. Onesphory alikunja mikono ya shati, na nikaona kwamba alikuwa anamwigiza yule daktari. Hata namna ya kusimama. Nilipita katikati ya watu nikamkamata mkono.

“Baba Costancia, ukimgusa sirudi nyumbani kwako.”

Alikuwa ananitazama, na nadhani kwa kitambo kidogo aliogopa. Lakini watu walikuwa wengi mno uani pale, na wote walimjua kama fundi.

“Dada, mwache,” alisema Siwema. Alisema kwa upole, kama ananiomba radhi.

Wanakamati wawili wakanivuta nyuma kwa mabega. Onesphory alimshika kidevu, akamshika kisogo, akapinda.

Ililia. Hata waliosimama barabarani waliisikia. Wale wa barazani walipiga makofi, na Melkizedek akasema hiyo imezidi ya kwake. Mwinshehe hakuhitaji hata kuinama.

“Hiyo nimeisikia,” alisema. “Ruhusa imekubaliwa. Mpeni mtoto wake aende zake.”

Teresia alimsogezea mtoto. Siwema alimtazama Yohana, akatabasamu, na mikono yake ikabaki mapajani. Alitazama mikono ile kwa mshangao. Kisha mwili ukaanza kuteleza kutoka kwenye kigoda, taratibu, na nikamdaka kabla kichwa hakijafika chini. Alikuwa anapumua na macho yalikuwa wazi. Alisema hasikii miguu. Alisema hasikii maumivu pia, na akalisema hilo kama habari njema.

Nilimwambia Mwinshehe tunataka kitanda, na tunataka wanaume wa kubeba mpaka barabara ya Kilosa, kwa kuwa lori la pamba halikuwa na siku maalumu. Kitanda cha kamba kililetwa. Wanaume hawakuletwa. Walitazamana. Melkizedek alishika shingo yake akasema angependa sana, ila wote wanajua hali yake. Mwingine naye akaishika ya kwake. Mmoja baada ya mwingine wakajishika shingo, watu wazima wenye mabega mapana, kwenye ua ule ule walimopiga makofi.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa bado amekunja mikono ya shati.

“Mimi, na shingo hii?” alisema. “Si unajua nina hewa.”

Nilimfunga Yohana mgongoni. Wanawake walikuwa wameshaweka kata vichwani, bila kuambiwa, wakainama pamoja na kuinuka pamoja, kitanda kikakaa juu yao kama kinavyokaa kila kitu katika kijiji kile. Mwinshehe alitufuata mpaka mwisho wa nyumba akitoa maelekezo tupite wapi, kisha akasimama.

Mimi niliwekwa upande wa kichwa. Kitanda kilikuwa juu, kwa hiyo nilitembea nimeinua mikono yote miwili, nimemshika Siwema mashavuni ili kichwa kisitikisike. Chini ya kitanda nilisikia shingo za wenzangu zikilia kila tulipovuka mfereji.

Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga Siwema akafumbua macho.

“Dada.”

“Nipo.”

“Ililia?”

Nilitaka kumwambia mambo mengine kabisa. Nilitaka kumwambia nitawafanya nini wote wale, kuanzia yule niliyezaa naye.

“Ililia,” nilisema.

“Wakasikia?”

“Walisikia wote.”

“Basi wamenipa ruhusa.”

“Wamekupa,” nikamwambia.

Akafumba macho, ametulia, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, na sisi tukaendelea kutembea.